Shikamoo ya Dirishani

Mimi ni mtu wa kuishi kwa maneno ya watu. Wengine wakiamka wanatafuta chai, mimi natafuta mtu wa kuniambia neno. Nikiambiwa "unaweza," nabeba kiroba cha mawe kama nabeba mto wa kulalia. Nikikosa wa kuniambia, hata kuvaa kiatu cha pili ni kazi ya siku nzima. Mke wangu anasema nililelewa vibaya. Mimi nasema nililelewa na ng'ombe, maana nilitolewa shule darasa la tatu nikachunge kule kwetu Kisaka, na ng'ombe, pamoja na wema wao wote, hawajawahi kumsifia mtu.

Neno lililonisukuma mbali kuliko mengine yote nililipata miaka ile ya dhahabu, pale machimboni Genkuru, Tarime, tena kutoka kwa mtu ambaye sikuruhusiwa kumtazama usoni.

Nilikuwa nimekuja Genkuru kama walivyokuja wengine, na nyundo moja na suruali mbili. Shimo la dhahabu tunaliita duara, ingawa katika maisha yangu sijaona hata moja lenye umbo la mviringo. La kwetu lilikuwa refu. Nikisema refu, naomba uniamini: ukidondosha nyundo asubuhi, mlio wake unausikia baada ya chai ya saa nne. Tulikuwa tunateremshwa kwa kamba, na juu kwenye roda alikaa mvuta kamba wetu, bwana mmoja mnene wa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ambaye alikuwa na neno kwa kila anayeshuka.

"Shuka, buda, shuka! Mawe yamekungoja tangu dunia iumbwe, si vizuri kuchelewa."

Basi nashuka nikiwa nacheka. Hilo peke yake lilinitosha mpaka saa sita.

Lakini wiki moja mvua ilinyesha mfululizo, na ukuta wa duara la jirani ukameguka. Hakuumia mtu, walikuwa wametoka kula. Mimi niliporudi nyumbani nikakuta mke wangu amekaa mlangoni na hajawasha moto.

"Leo hatuli?" nikauliza.

"Tutakula. Lakini kwanza nisikilize. Mimi sikuolewa na ndoo."

"Ndoo?"

"Ndoo ndiyo inayoshushwa kwa kamba na kupandishwa kwa kamba. Mimi nataka mume anayetembea juu ya ardhi kama watu."

Sasa, kikundi chetu cha wachimbaji kilikuwa kinatafuta katibu. Katibu anakaa juu, mezani, chini ya turubai, anaandika mihtasari ya vikao na barua za kikundi. Mwenyekiti alikuwa ametangaza wazi: yeyote kati yetu atakayemaliza darasa la jioni na kuleta cheti kabla ya mwaka kwisha, meza ni yake. Tulikuwa wanaume wengi pale, lakini kwa kusoma tulikuwa sawa na viatu vyetu. Mimi nilikuwa na darasa la tatu, kwa hiyo nilijiona kama mkuu wa chuo.

"Nitaingia darasani," nikamwambia mke wangu.

"Ukimaliza, nitakupikia kuku mzima usile na mtu."

Ndiyo nikaingia.

Darasa lilifanyika katika shule ya msingi, kuanzia saa kumi watoto wakishatoka. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu kutoka Robanda, kule ukingoni mwa hifadhi. Alistaafu ualimu akalima mahindi, tembo wakaja wakamstaafisha mara ya pili, ndipo akahamia Genkuru kwa binti yake na kuanza kutufundisha. Siku ya kwanza nilivaa ile suruali nzuri. Nikaingia, nikasema "shikamooni" kwa sauti ya mtu mwenye mustakabali, nikakaa dawati la katikati, nikafungua daftari, nikanyanyua macho.

Dawati la mbele kabisa alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Kwa msomaji wa mbali naomba nieleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Ni heshima, na heshima hiyo haina likizo. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja. Akitokea njiani, unaingia porini umpishe, na kama pori lina miiba, hiyo ni shida yako na miiba. Mimi wa Kisaka na wao wa Tarime tunaweza kubishana juu ya mambo mengi, lakini kwa hili hatubishani. Na kwa kuwa dhahabu ndiyo iliyonileta kuishi karibu na ukweni, jambo ambalo wazee hawakulipangia kabisa, nilikuwa tayari nimezijua kwa jina karibu zote zile njia za panya za Genkuru.

Mlango ulikuwa mbele, karibu naye. Dirisha lilikuwa pembeni, karibu na mimi. Niliruka dirisha. Watu wanasema niliruka kama swala. Siyo kweli, swala angetumia muda zaidi. Daftari lilibaki mezani limefunguliwa, ukurasa wa kwanza, nimeandika nusu ya jina langu.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ulijua mama anasoma?" nikamuuliza.

"Nilijua anasema atasoma. Mama anasema mambo mengi. Alisema amechoka kuweka dole gumba kwenye karatasi za watu. Anataka aandike jina lake mwenyewe kabla hajafa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Akaacha kucheka. Wote wawili tulijua jibu. Darasa lilikuwa moja, mwalimu mmoja, na mdogo hawezi kumtoa mkubwa. Kesho yake nikamtumia mwalimu ujumbe kwamba nimeacha, nikarudi kwenye kamba.

"Nini tena, buda?" mvuta kamba akaniuliza. "Umehitimu kwa siku moja?"

"Nimemkuta mama mkwe darasani."

Yule bwana akaelewa hapohapo. Kwao ng'ambo ni Wakuria kama wakwe zangu, na mwiko ni uleule. Akanifunga kamba kiunoni taratibu, akanipigapiga bega. Siku hiyo alinishusha bila neno, na nakuambia ukweli, mawe ya siku ile yalikuwa magumu mara mia.

Nisichokijua ni kwamba mama mkwe naye alikuwa amemtumia mwalimu ujumbe uleule, jioni ileile. Amesikia mkwe wake anataka kutoka kwenye shimo, na yeye mtu mzima hawezi kumzuia kijana njia, kwa hiyo ameacha. Mwalimu akabaki na nafasi mbili tupu. Siku ya tatu mimi nikasikia ameacha, nikasema basi, nirudi. Yeye akasikia nimeacha, akasema basi, arudi. Tukakutana mlangoni.

Nikaingia shamba la mihogo. Yeye akaingia choo cha wavulana. Mwalimu akasimama uwanjani peke yake na chaki mkononi, akatutangazia sisi wote wawili bila kuona hata mmoja:

"Jamani! Tembo wamenisumbua, lakini tembo wakiamua kuingia wanaingia, wakiamua kutoka wanatoka! Ninyi mnataka nini?"

Ndipo akatoa uamuzi. Mama atakaa ndani, dawati la mbele, lililosogezwa chini ya dirisha, mgongo wake ukutani. Mimi nitakaa nje, barazani, nimekalia kiroba cha mchanga upande wa pili wa ukuta uleule. Kupitia dirishani nitauona ubao, yeye sitamwona. Ukuta upo katikati, heshima imetimia. Wazee waliulizwa, wakakubali, mmoja akasema hata angependa na yeye awekewe ukuta wa namna hiyo na mke wake wa pili.

Hivyo ndivyo nilivyosoma mwaka mzima, jua likinipiga shavu la kushoto, mpaka shavu hilo likawa jeusi kuliko la kulia. Sitii chumvi sana.

Kila jioni nikifika nilisema dirishani, "Mwalimu, naomba unifikishie shikamoo."

Mwalimu anamgeukia mama, kisha anarudi kwangu. "Imefika."

Basi. Hakusema "amesema marahaba," kwa sababu mama alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Mwanzoni alikuwa hata hataki sauti yake ivuke dirisha.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikuwa mabaya. Mimi nilikuwa natoka kwenye duara nimechoka, nafika barazani nalala. Siku moja niliamka na kuku amesimama juu ya daftari langu, anasoma kuliko mimi. Imla nilikosa karibu yote. Nikaanza kukunja daftari nikisema moyoni kwamba meza ya ukatibu ina wenyewe, mimi niendelee na kamba.

Ndipo nikasikia sauti kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Mwambie huyo mtu wa nje. Jana niliandika jina langu, nikasahau herufi tatu."

"Ndiyo."

"Leo nimesahau mbili."

Mwalimu akachungulia dirishani, uso wake umejaa furaha kama amepewa nyongeza ya pensheni. "Mtu wa nje, umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Mimi nina wajukuu, yeye ana mikono yenye nguvu," sauti ikaendelea. "Mwambie asilale."

Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga makofi. Lakini nilifungua lile daftari tena, nikaandika upya maneno yote niliyokosa, nikakosa tena, lakini machache. Jana tatu, leo mbili. Nimesikia watu wakubwa wakihutubia viwanjani kwa vipaza sauti, nimesikia wahubiri mpaka viti vikatetemeka, sijasikia hotuba iliyonifaa kama ile.

Nikaipeleka kazini. Asubuhi mvuta kamba alipokuwa ananifunga, nikamwambia habari nzima. Akaifikiria.

"Huyo mama anajua," akasema. "Jana tumegonga mwamba umetukatalia mara tatu, sivyo?"

"Mara tatu."

Akanishusha, na nilipofika chini nikasikia sauti yake ikinifuata gizani: "Leo mbiliii!"

Kufikia mwezi uliofuata, maduara yote ya upande ule yalikuwa yanaita hivyo. Mtu akishindwa kunyanyua kiroba, mwenzake anamwambia "leo mbili," anacheka, ananyanyua. Mama lishe mmoja alimwambia hivyo mteja aliyekuwa analalamikia mawe kwenye wali. Na mwenye neno lake alikuwa anapita katikati yetu na kapu lake kichwani, sisi wanaume tunaingia porini kumpisha, mimi kwa ukwe na wenzangu kwa kuniunga mkono.

Siku zilivyosonga sauti ile ilivuka dirisha mara mojamoja. "Mwambie wa nje leo nimesoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga mpaka mwisho." Au, nikikosa hesabu kwa kelele, "Mwambie wa nje asigombane na namba, hazijamkosea." Na mimi nilikuwa najibu kwa njia hiyohiyo. Mwalimu alisema kwamba kwa kufikisha ujumbe wa watu wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja, alikuwa anastahili mshahara wa posta.

Basi mwaka ukafika mwisho, mtihani ukaja, na pamoja nao akaja msimamizi kutoka mjini Tarime, kijana mwenye tai, mkali, na bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Asubuhi hiyo nikakaa kwenye kiroba changu kama kawaida. Msimamizi akatokea barazani.

"Wewe ni nani?"

"Mtahiniwa."

"Mtahiniwa anakaa ndani."

"Mimi huwa nakaa nje, bwana."

"Huwa ni ya siku nyingine. Leo ni mtihani. Ndani, au hakuna mtihani."

Mwalimu alijaribu kueleza, kijana akanyoosha mkono. Alikuwa anafikiri ni uzembe, au ni mpango wa kuchungulia majibu dirishani. Nilitazama mlango. Nikafikiria meza ya ukatibu na turubai lake. Nikamfikiria mke wangu na moto ambao hakuwasha siku ile. Halafu nikamfikiria mama ndani, na kalamu yake, na dole gumba lake. Nikiingia, yeye atatoka, hilo nilikuwa na hakika nalo, angetoka bila kusema neno na asingerudi. Nikaokota koti langu.

"Mwalimu, mfikishie shikamoo," nikasema. "Na umwambie aandike vizuri."

Nilikuwa nimeshapiga hatua kama nne. Sauti ikavuka dirisha.

"Mwalimu! Mwambie wa nje asiondoke. Mimi nitageuka."

Nikasikia dawati linaburutwa. Kelele zile za miguu ya dawati kwenye saruji bado ninazo masikioni. Mwalimu akanisimulia baadaye: mama alilivuta mwenyewe mpaka pembe ya mbele, akalielekeza ukutani, akajitanda kitenge kichwani mpaka kikafunika mabega, akakaa kama mtu aliyekuja kufanya mtihani wa ukuta.

"Sasa mwambie aingie kinyumenyume!"

Nikaingia kinyumenyume. Nilipita mlangoni kwa kisigino, nikakanyaga mguu wa msimamizi, nikaangusha kopo la chaki, nikagonga madawati yote yaliyokuwemo na mengine ambayo naamini yaliletwa kwa ajili yangu. Wanafunzi wenzangu wakawa wananiongoza kama lori linaloegeshwa: "Kushoto! Kushoto, mura, kidogo tena! Simama!" Nikakaa dawati la nyuma kabisa, nikatazama ukuta wa nyuma. Tukawa yeye huko, mimi huku, mgongo kwa mgongo na darasa zima katikati.

Msimamizi alikuwa amevimba kwa hasira mpaka kwenye tai. "Mwalimu, hawa watu wana tatizo gani?"

"Hawana tatizo," mwalimu akasema. "Ni mtu na mama mkwe wake."

Nikasikia kijana anavuta pumzi. Kumbe alikuwa mtoto wa hukohuko, tai ndiyo iliyonidanganya.

"Kwa nini hamkusema tangu mwanzo?" akanong'ona. Kisha akachukua kiti chake akaketi katikati ya chumba, mahali ukuta ulipopaswa kuwa, na hakuhama hapo mpaka mwisho.

Hesabu niliiweza, maana mtu aliyehesabu ndoo za mawe mwaka mzima haogopi kujumlisha. Imla ilikwenda. Ikabaki kusoma kwa sauti, kila mmoja fungu lake. Mama alisoma kabla yangu. Alisoma polepole, kila neno akiliweka chini kwa uangalifu kama mtu anayepanga mayai, mpaka akaifikia nukta ya mwisho.

Zamu yangu ikafika. Nilisoma mistari mitatu kama redio. Mstari wa nne nikakutana na neno refu kutoka Kisaka mpaka Tarime mjini, na maji ya mto yamejaa katikati. Nikaanza, nikakwama. Nikaanza tena, nikakwama. Mara ya tatu nikakwama palepale, na jasho likaanza kudondokea karatasi. Nikajiona nipo kwenye kamba, nashuka.

Kutoka pembe ya mbele, chini ya kitenge, nikasikia mtu anauambia ukuta, kwa sauti ndogo:

"Jana tatu."

"Kimya, mama," msimamizi akasema, lakini taratibu.

Nikafuta jasho. Sikulikimbilia lile neno. Nililiingia silabi moja moja, kama tunavyoingia mwamba, na ya kwanza ilipokubali ya pili ikafuata, nikavuka upande wa pili nikiwa mzima. Nikamaliza fungu langu nikiutazama ukuta wa nyuma kwa macho yaliyolowa, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba hakuna anayeniona.

Tulifaulu wote wawili. Kwa kusoma alinipita, nakiri mbele ya watu. Kwa hesabu nilimpita, na hilo nalirudia kila siku hata nisipoulizwa. Mke wangu alichinja yule kuku. Hakutimiza ahadi yote, alikula paja.

Kikao cha kwanza cha ukatibu wangu kilifanyika Jumamosi, juu, chini ya turubai, ardhi kavu chini ya miguu yangu yote miwili. Nilikuwa na meza, kalamu mbili na daftari jipya. Kabla mwenyekiti hajafungua kikao, mke wangu akapita akaniwekea mezani karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kutoka kwa mama," akasema, akaondoka.

Nikaikunjua. Wazee walikataza kutazamana, kushikana mikono na kula pamoja. Juu ya kuandikiana hawakusema kitu, nadhani hawakufikiri tutafika huko. Chini ya karatasi kulikuwa na jina lake kamili, herufi zote zipo, zimeinama kidogo upande wa kulia kama zinatembea kwenye upepo. Na juu ya jina kulikuwa na neno moja tu, ameliandika kwa kukandamiza kalamu mpaka limetokea upande wa pili:

Marahaba.

Nilikaa nalo. Watu wakaanza kukohoa.

"Katibu," mvuta kamba akaita kutoka nyuma, "tuanze basi! Kuna habari gani hiyo?"

"Nimeitikiwa salamu," nikasema.

"Salamu ya leo?"

"Ya mwaka mzima," nikamwambia, nikaikunja karatasi, nikaiweka mfuko wa shati, nikafungua daftari.